Dorothy Hodgkin: mikono iliyougua, kazi isiyokoma

Huku Nduruma, mama anayeamka vidole vikiwa vimekakamaa huambiwa ni baridi ya Mlima Meru, ni uzee, au ni maji yenye madini ya floridi. Wakati mwingine ni kweli. Lakini wakati mwingine ni baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo vya mwenyewe. Ili tuuelewe, leo tunasimulia maisha ya mwanasayansi aliyeishi nao kwa miaka 60.

Dorothy Crowfoot alizaliwa Cairo, Misri, mwaka 1910, kwa wazazi Waingereza. Baba yake alifanya kazi ya elimu huko na baadaye Sudan. Dorothy alisoma kemia Oxford, kisha Cambridge. Kazi yake ilikuwa kupitisha eksirei kwenye fuwele na kusoma madoa yaliyotokea kwenye filamu, mpaka ajue kila atomu imekaa wapi.

Mwaka 1934, akiwa na miaka 24, alikuwa na maumivu ya mikono. Wazazi wake wakampeleka kwa daktari bingwa London, na jibu likawa baridi yabisi. Siku hiyohiyo, mwalimu wake alipata picha ya kwanza iliyo wazi ya fuwele ya protini iitwayo pepsini. Dorothy alirudi maabara, akaendelea na kazi.

Mwaka 1937 aliolewa na Thomas Hodgkin, aliyekuja kuwa mwanahistoria wa Afrika. Mwishoni mwa 1938 walipata mtoto wa kwanza, na muda mfupi baadaye ugonjwa ukachachamaa. Karibu kila kiungo kilimuuma, hata kuvaa nguo na kumhudumia mtoto ikawa shida.

Hapa tusimame kidogo. Baridi yabisi haiumi kwa kiwango kimoja siku zote. Hupoa, kisha huamka. Kwa wanawake wengi hutulia wakati wa ujauzito na kuamka miezi michache baada ya kujifungua. Mama aliyejifungua akikakamaa vidole na kuvimba viganja, tusimwambie tu kwamba ni uchovu wa kulea.

Tutajuaje kwamba ugonjwa umeamka? Tuangalie mambo manne. Kwanza, viungo vinavyovimba na kuuma, hasa vya vidole na viganja, mara nyingi pande zote mbili. Pili, kukakamaa asubuhi kunakozidi nusu saa, pengine saa nzima au zaidi. Tatu, uchovu usioelezeka. Nne, kushindwa kazi za kawaida: kufunga kifungo, kukamua nguo, kushika jembe. Hali hiyo ikidumu siku kadhaa, si maumivu ya kupita.

Hospitalini, daktari huweza kukagua viungo 28, akihesabu vilivyovimba na vinavyouma vikibonyezwa. Humuuliza mgonjwa ajipe alama kuonyesha anavyojisikia, kisha hupima damu kuona kiwango cha uvimbe mwilini. Akijumlisha hayo hujua kama dawa inatosha au ibadilishwe. Kwa hiyo anayeandika kwenye daftari ni siku gani aliumwa, wapi na kwa muda gani, humsaidia sana daktari.

Turudi kwa Dorothy. Alitibiwa Buxton kwa maji ya moto na dawa yenye dhahabu, tiba za zama zile. Aliporudi maabara hakuweza kuvuta swichi kubwa ya mtambo wa eksirei. Akatengenezewa mkono mrefu wa kuivutia. Vidole vilipinda, lakini kazi haikukoma. Mwaka 1945 alibaini muundo wa penisilini, na katika miaka ya 1950 ule wa vitamini B12. Mwaka 1964 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Habari hiyo ilimkuta Ghana, alikokuwa mumewe akifanya kazi. Mwaka 1969, miaka 34 baada ya kuipiga picha kwa mara ya kwanza, alikamilisha muundo wa insulini. Mwaka 1993 alisafiri hadi Beijing kwenye mkutano wa wanasayansi akiwa katika kiti cha magurudumu. Alifariki Julai 1994.

Dorothy aliugua kabla ya dawa za leo. Sasa methotreksati na dawa za aina yake, zikianza mapema, huweza kuzuia viungo visiharibike. Ndiyo maana kukaa nyumbani ukijipaka dawa ya kuchua kwa miezi ni hasara: kiungo kilichokwisha kupinda hakirudi kirahisi.

Kuhusu floridi, maji mengi yanayotoka Mlima Meru huwa na kiasi kikubwa, na yakinywewa kwa miaka mingi huweza kukakamaza mgongo na viungo. Meno ya kahawia ni dalili, lakini meno hayo hayazuii mtu kuwa na baridi yabisi pia. Daktari ndiye wa kutofautisha. Na kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikiwa cha moto na kuna homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda ni maambukizi.

Kwa hiyo, mama akisema asubuhi hawezi kushika kikombe, tumuulize: tangu lini, kwa muda gani, na mikono yote miwili? Kisha twende naye hospitali.