Kirkman Alipewa Fungu, Mtongwe Je?

Walimu wanaowapeleka wanafunzi Ngome ya Yesu huwaeleza habari za Wareno, ila ni nadra kumtaja James Kirkman. Mwingereza huyu, aliyezaliwa mwaka 1906 na kufariki 1989, ndiye aliyesimamia kugeuzwa kwa gereza lile kuwa makumbusho.

Alianzia Gede mwaka 1948, magofu yalipotangazwa kuwa mbuga ya taifa. Msitu ulikuwa umemeza kasri, misikiti na makaburi. Serikali ya kikoloni, pamoja na dhambi zake zote, haikungoja watalii wajae ndipo itoe fedha. Iliweka mlinzi wa kulipwa, naye akafyeka, akachimba na kuandika kwa takriban miaka kumi. Vibarua waliobeba kifusi, bila shaka, hatufundishwi majina yao.

Mwaka 1958 wafungwa waliondolewa ngomeni, walimofungiwa tangu 1895. Safari hii fedha za ukarabati zilitoka Lisbon, kwa Wakfu wa Gulbenkian. Kirkman akafukua ua na kuta, akipambanua kazi ya Wareno na ya Waarabu waliowafuatia, na makumbusho yakafunguliwa 1960. Aliyasimamia hadi 1972. Hakujaliwa kuiona UNESCO ikiitambua ngome hiyo kuwa urithi wa dunia mwaka 2011, wala Gede mwaka 2024.

Sasa tuvuke maji hadi Mtongwe, ng'ambo ya bandari ya Kilindini. Huko wachunguzi wa Kijapani kutoka Chuo Kikuu cha Shinshu walichimbua zana za mawe na kuchapisha ripoti katika miaka ya 1980. Zana hizo ni kongwe kuliko ngome kwa makumi ya maelfu ya miaka. Hata hivyo, Mtongwe haijapata Kirkman wake, na Kirkman hapatikani bila mshahara.

Naisihi serikali, ya taifa na ya kaunti, itenge fungu dogo: mlinzi mmoja, banda la kuonyeshea zana, vibao vya Kiswahili, na mafunzo kwa vijana wa mtaa watakaowaongoza wageni na kupata riziki. Watakaopinga watasema wageni hawafiki Mtongwe. Gede nayo, kabla ya msitu kufyekwa, ilipokea wangapi?