Cheng Man-ch'ing, mchoraji aliyekuwa anatema damu

Alizaliwa 1902 mu jimbo la Zhejiang, China. Akiwa bado kijana, tena mwalimu wa kuchora, kifua kikuu kikamshika. Wakati ule hakukuwa bado vidonge (leo viko pa kituo cha afya, usiviache juu ya mazoezi). Akaenda kwa Yang Chengfu kujifunza taijiquan: miendo ya pole pole, magoti yamekunjwa kidogo, mabega yamelegea, pumzi imetulia. Nguvu zikarudi.

Lakini mfululizo ule ulikuwa mrefu, unachosha wenye kuanza. Yeye akaufupisha mpaka mikao 37. Toka 1949 aliishi Taiwan, kisha kwenye miaka ya 1960 akafundisha New York. Kule Wachina wengine hawakupenda afundishe wageni. Yeye akaendelea tu. Alifariki 1975.