EDVARD GRIEG (1843–1907): NYUMBA MOJA, MIENDO MBILI



Katika koro zetu kuko neno moja ambalo watu wanalirudilia bila kulipima: gama ya mineri ni ya kilio, gama ya majeri ni ya furaha. Sasa tuangalie maisha ya mtu aliyeonyesha kama neno lile halitoshi.

1. Utoto na masomo

Edvard Grieg alizaliwa tarehe 15 Juni 1843 kule Bergen, mji wa bandari upande wa magharibi wa inchi ya Norwe. Mama yake, Gesine, alikuwa mwalimu wa piano, na njo yeye aliyemfundisha wa kwanza. Mwaka 1858 mpiga violoni Ole Bull, aliyesifiwa sana katika inchi yao, alisikiliza kijana akipiga piano. Palepale akashauri wazazi wamtume kusoma muziki Leipzig, Ujerumani. Edvard alikuwa na miaka 15 tu.

Kule Leipzig, mwaka 1860, alishikwa na ugonjwa mkali wa kifua. Pafu moja likaharibika kabisa, na tangu pale aliishi na pafu moja maisha yake yote. Lakini alirudi shuleni, akamaliza mwaka 1862.

2. Jamaa yake

Mwaka 1867 alioa Nina Hagerup, mwimbaji, binti ya mjomba wake. Mwaka 1868 walizaa mtoto, Alexandra, na mwaka uleule Grieg akaandika konserto yake ya piano, ambayo ingali inapigwa mupaka leo. Mwaka 1869 mtoto akafa. Hawakulea mwingine.

3. Kazi ya teatro

Mwanzo wa mwaka 1874 mwandishi Henrik Ibsen alimwomba muziki kwa mchezo wake Peer Gynt. Ni hadithi ya kijana mwenye uongo na majivuno, anaacha mama yake Åse, anatembea dunia nzima, anarudi mzee na mikono mitupu. Grieg alizania kazi itakuwa fupi; ikapita mwaka mzima. Katika mwaka 1875 baba yake na mama yake walikufa wote wawili. Mchezo ulionyeshwa mara ya kwanza tarehe 24 Februari 1876 kule Christiania, mji tunaouita leo Oslo.

Tujue kwanza kama muziki wa teatro hauna wakati mwingi. Pazia linafunguka, mchezaji anaingia, na kwa dakika chache tu watu wanapaswa kusikia ni mahali gani na ni roho gani. Kwa hiyo Grieg alipima vizuri vitu viwili: gama na mwendo.

4. Vipande viwili

Kipande cha kwanza ni kifo cha Åse. Gama ni si mineri. Mwendo ni mapigo 50 tu kwa dakika, polepole sana. Vyombo ni vya nyuzi peke yake, tena vimezibwa kidogo ili sauti isitoke wazi. Wimbo unapanda kidogo katika si, unarudiliwa juu zaidi katika fa diyeze, ambayo ni jirani ya si, sauti inakuwa kubwa. Halafu unaanza kushuka ngazi kwa ngazi, kwa nusu-nusu ya sauti, mupaka inabaki pumzi tu.

Kipande cha pili: Peer ameingia katika jumba la mfalme wa mlima, kwa mashetani ya mawe na misitu. Wanataka kumshika. Gama ni gani? Ni ileile, si mineri! Na wimbo unafanya safari ileile: unaanza katika si, unakwenda kwa jirani fa diyeze, unarudi. Lakini hapa mwendo ni wa kutembea kama askari, mapigo 138 kwa dakika, karibu mara tatu ya ule wa kwanza. Nyuzi nzito zinachonolewa kwa vidole, polepole ya sauti lakini si polepole ya mwendo. Wimbo haubadiliki, ni vyombo vinavyoongezeka, sauti inavyokua, na mwendo unavyokazwa mupaka mwisho, kama mtu anayekimbizwa. Kwa dakika mbili na nusu hivi yote imekwisha.

Basi nyumba ni moja na jirani ni mmoja. Katika mwendo wa kwanza tunalia. Katika wa pili tunaogopa na kucheka pamoja.

5. Namna alivyovipanga

Mwaka 1888 Grieg alitoa vipande vinne vya mchezo ule katika mfululizo wa kupigwa bila wachezaji. Angalia mpango: kwanza Asubuhi katika mi majeri, wimbo wenye noti tano tu za msingi, pili kifo cha Åse katika si mineri, tatu ngoma ya Anitra katika la mineri, ine jumba la mfalme, tena si mineri. Mi ni jirani ya si, kwa hiyo sikio linavuka bila kuanguka. Na zile si mineri mbili hakuziweka pamoja: ngoma ya Anitra inatoa sikio nje kwanza, halafu kurudi kunakuwa na nguvu.

6. Mwisho wa maisha yake

Grieg mwenyewe alichukia kipande kile cha jumba la mfalme, hata kama watu walikipenda kupita vyote. Tangu 1885 alikaa Troldhaugen, karibu na Bergen. Mwaka 1899 alikataa kwenda kupiga muziki Paris sababu ya hukumu mbaya aliyopewa Dreyfus. Aliporudi kule 1903, wengine walimpigia miluzi, naye akaendelea na kazi. Alikufa tarehe 4 Septemba 1907. Majivu yake yaliwekwa ndani ya mwamba kule Troldhaugen.

7. Fundisho kwetu

Ninyi viongozi wa koro, na wadogo zetu wa mwaka wa kwanza: wimbo wa matanga ukianza kukimbia, mbele ya kubadilisha gama, hesabu mapigo. Mfiwa hatasikia majeri wala mineri. Atasikia haraka yetu.



Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa 6