Abebe Bikila, Mkimbiaji wa Uhabeshi

Ninyi mkaao Kibaha mwajua jinsi njia ya kwenda Dar es Salaam ilivyo ndefu kwa mtu aendaye kwa miguu. Mbio ziitwazo marathoni zina urefu wa karibu kama huo, yaani kilomita 42 na mita 195.

Abebe Bikila alizaliwa mwaka wa 1932 katika kijiji cha Jato, nchi ya Uhabeshi, ambayo leo huitwa Ethiopia. Alipokuwa kijana akawa askari katika jeshi la kumlinda Mfalme Haile Selassie. Huko Mswidi mmoja, jina lake Onni Niskanen, akamfundisha mbio. Mwaka wa 1960 alipelekwa Roma kwenye michezo ya Olimpiki. Viatu alivyopata havikumfaa, basi akakimbia miguu mitupu, akawashinda wote.

Miaka minne ikapita. Mwezi wa Septemba 1964, yalipobaki majuma machache tu kabla ya michezo ya Tokyo, nchi ya Japani, alishikwa na ugonjwa wa kidole tumbo, akapasuliwa. Mtu aliyepasuliwa tumbo hata kucheka humwumiza, sembuse kukimbia. Ikawa shaka kama ataweza kushindana. Lakini kidonda kilipoanza kupona, alirudia mazoezi yake kidogo kidogo.

Hata tarehe 21 Oktoba akasimama mstarini pamoja na wenziwe, safari hii amevaa viatu. Alimaliza kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, upesi kuliko mtu ye yote kabla yake. Aliyemfuata alifika dakika 4 na zaidi baadaye, na wakati huo Abebe alikuwa akinyosha viungo vyake uwanjani. Kabla yake hapakuwa na mtu aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Lakini si kila jeraha hupona kwa wakati tuutakao. Mwaka wa 1968, huko Mexico, alikimbia akiwa na mguu mbovu, na baada ya kilomita kama 17 ilimbidi kuacha. Mhabeshi mwenziwe, Mamo Wolde, ndiye aliyeshinda. Mwezi wa Machi 1969 gari lake likapinduka, akaumia shingo, miguu ikapooza. Alitibiwa miezi mingi katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, lakini miguu haikurudi. Basi mikono ilipopata nguvu akashika upinde, na mwaka wa 1970 akashindana kupiga mishale, ameketi katika kiti cha magurudumu. Alikufa tarehe 25 Oktoba 1973, umri wake miaka 41.

Watoto, mtu aliyeteguka mguu jana, na leo apanda vilima vya Kisarawe mbio, si shujaa, bali ajiharibu. Na apone kwanza, kisha aanze polepole. Na kama kiungo hakirudi, asikae akikililia, bali atazame alichobakiwa nacho, kama alivyofanya Abebe.