D.O. Misiani: Sauti Tunaijua, Sura Je?

Panda matatu ya Migori kwenda Homa Bay. Kabla mfike Rongo, dereva atakuwa ameshaweka benga. Sasa uliza abiria wa rika letu huyo anayeimba anafanana vipi. Wengi watakuambia hawajui. Sauti ya Daniel Owino Misiani bado iko kila mahali, lakini sura yake inapotea polepole. Ndiyo maana mimi hukusanya picha zake zilizochapishwa, hata zilizochanika.

Misiani alizaliwa mwaka wa 1940 huko Shirati, upande wa Tanzania, si mbali na mpaka wetu wa Migori. Wazazi wake walikuwa watu wa dini na gitaa halikukaribishwa nyumbani. Inasimuliwa kwamba gitaa lake la kwanza lilivunjwa. Hakuacha. Alivuka mpaka akaja Kenya kutafuta maisha, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 alikuwa na bendi yake. Bendi ilibadilisha majina, kuna wakati iliitwa Victoria Boys, lakini jina lililoshika ni Shirati Jazz. Alikotoka kukawa jina linalojulikana Kenya nzima.

Benga hakuianzisha peke yake. Wapigaji gitaa wa Kijaluo walichukua vile nyatiti inavyodonolewa, wakaihamishia kwenye gitaa la umeme, besi nayo ikikimbizana na solo. Misiani akaongeza hadithi: visa vya Biblia, vya wanyama, vya Wajaluo wa kale, na mafumbo ya siasa, kwa Dholuo. Hapo ndipo alipopata jina la mfalme wa historia. Shida ni kwamba wakubwa pia walielewa mafumbo. Alikamatwa zaidi ya mara moja, na kwa kuwa alizaliwa ng'ambo, tishio la kurudishwa Tanzania lilimfuata.

Sasa turudi kwa picha. Miaka ya 1970 nyimbo zake zilitoka kwa santuri ndogo, wimbo mmoja umekatwa nusu upande huu, nusu upande ule. Nyingi za santuri hizo ziliuzwa ndani ya bahasha ya karatasi tu, bila sura ya msanii. Ungeweza kucheza santuri miaka kumi na usijue nani anapiga besi. LP, zile kubwa zenye kava ya kuwekwa picha na majina, hazikufika kila nyumba. Benga Blast!, kwa mfano, ilitolewa Uingereza mwaka wa 1989. Kwa mtu wa kijijini, sura ya msanii ilikuwa kwenye gazeti au bango la dansi. Na bango ni la ukutani: mvua ikinyesha, kwisha.

Misiani alifariki Mei 2006 kwa ajali ya barabarani Kisumu. Mwaka wa 2008 Ketebul Music ya Nairobi ikatoa Retracing the Benga Rhythm, muziki pamoja na kitabu na filamu. Mwaka wa 2010 Sterns ya London ikakusanya nyimbo zake za miaka ya 1970. Kazi kama hizo haziwezekani kama hakuna mtu aliyetunza kitu mahali.

Mimi nina bango moja. Nililipata kwa dani, Homa Bay, limekunjwa ndani ya sanduku la vyeti. Lina wanaume wanne na magitaa matatu. Ukilitazama vizuri unajua bendi ilikuwa na watu wangapi, walivaa nini, walicheza ukumbi gani na kiingilio kilikuwa pesa ngapi. Wimbo peke yake haukuambii hayo.

Nililigeuza nikachukua penseli. Dani alimtambua D.O. mara moja. Mzee mmoja jirani akamtaja wa pili. Wawili waliobaki hakuna aliyewajua, na nimewaachia nafasi.

Hao wawili pia walipiga benga. Kwa hivyo ukienda ushago wikendi hii, fungua lile sanduku, uliza majina, uyaandike nyuma ya picha. Fanya hivyo wakati wa kuulizwa bado wako.