Askofu Frank Weston na Wapagazi wa Vita

Kila tarehe 2 Novemba Kanisa letu huwakumbuka Marehemu Wote. Siku kama hiyo, mwaka 1924, alifariki Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, katika kijiji cha Hegongo karibu na Magila, nchi ya Wabondei. Pwani jina lake linajulikana sana. Huku kwetu mlimani ni wachache wanaomtaja. Hata hivyo vita alivyovitumikia, akavishuhudia, kisha akaviandika, vilipita mlangoni petu hapa Moshi. Kwa hiyo si vibaya sisi wa Pasua tukimjua.

Alizaliwa kusini mwa London tarehe 13 Septemba 1871. Alisoma shule ya Dulwich, kisha Trinity College huko Oxford, na mwaka 1893 akafaulu mtihani wa theolojia katika daraja la kwanza. Alipewa ushemasi mwaka 1894 na ukasisi mwaka uliofuata. Kazi yake ya kwanza ilikuwa Stratford, mashariki mwa London, mtaa wa watu maskini. Mwaka 1898 akaja Zanzibar pamoja na misheni ya UMCA.

Kwanza alikuwa mwalimu. Tangu mwaka 1901 alikuwa mkuu wa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, mahali walipofundishwa walimu wengi wa kwanza wa Kikristo wa pwani. Alijifunza Kiswahili akakijua barabara, akakitumia kuhubiri, kufundisha na kuamua mashauri ya watu. Tarehe 18 Oktoba 1908 akawekwa wakfu kuwa Askofu, naye ana miaka 37. Kanisa lake kuu lilikuwa lile la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Mwaka 1911 alianzisha shirika la masista wa Mateso Matakatifu.

Alikuwa mtu mkali katika mambo ya imani. Mwaka 1913 viongozi wa misheni mbalimbali walipokutana Kikuyu, Kenya, kutafuta umoja, yeye aliwashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwamba wamekwenda kinyume cha mafundisho ya Kanisa. Ugomvi ule ulisikika mpaka Uingereza. Kabla haujapoa, vita vikaanza, Agosti 1914.

Jimbo lake likakatwa vipande viwili. Unguja ilikuwa chini ya Waingereza. Magila, Korogwe na Masasi zilikuwa katika nchi ya Wadachi. Wamisionari wa Kiingereza waliokuwa bara walikamatwa na kufungwa. Mapadre na walimu Waafrika nao walishukiwa kuwa wapelelezi wa Waingereza kwa sababu ya dini yao. Wengi walitiwa minyororo, wakapigwa na kufanyishwa kazi ngumu, hata wengine wakafa. Wengi walikaa kifungoni Tabora mpaka mji huo ulipotekwa na Wabelgiji mwezi Septemba 1916. Padre Samuel Sehoza aliyaandika mateso hayo katika kitabu kidogo cha Kiswahili, Mwaka katika Minyororo, kilichochapishwa London mwaka 1921. Tukitafuta maandishi ya vita yaliyotoka kwa Mkristo Mwafrika wa nchi hii, hicho ni kimoja cha mwanzo.

Huku kwetu mapigano yalikuwa makali mwezi Machi 1916. Majeshi ya Jenerali Smuts yalipigana vilimani Latema na Reata karibu na Taveta, yakaingia Moshi tarehe 13, kisha yakapigana Kahe. Makaburi ya askari wa vita hivyo yapo Moshi mpaka leo, nayo yanatunzwa. Lakini kwa kila askari aliyebeba bunduki, palikuwa na watu waliobeba chakula chake, risasi zake na hema lake. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, magari yalizama katika matope. Ikabaki shingo ya mwanadamu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama ratili 50, yaani kilo 23 hivi, naye aliubeba siku baada ya siku, mvua na jua.

Serikali ilipohitaji wapagazi kutoka Unguja, Askofu Frank alikusanya kikosi, akakiongoza mwenyewe bara mwaka 1916, akapewa cheo cha meja. Baadaye alipewa nishani ya OBE. Wako waliouliza, na mtu anaweza kuuliza hata leo, kama ilifaa Askofu kuvaa mavazi ya jeshi. Swali hilo si dogo. Lakini tuone pia kwamba watu hao wangepelekwa kwa vyovyote, naye alikwenda nao kwa miguu, akijua lugha yao. Hakuwabariki gatini kisha akarudi nyumbani.

Vita vile viliwavunja watu wa kila rangi. Mwishoni mwa 1916 maelfu ya askari wazungu wa Afrika Kusini walirudishwa kwao, wamekwisha kwa malaria na kuhara. Wapagazi hawakuwa na mahali pa kurudishwa. Walilala chini bila blanketi la kutosha, wakala unga wa mahindi usioiva, wakaharisha, wakashikwa na nimonia. Inakadiriwa kwamba katika upande wa Waingereza peke yake walikufa karibu wapagazi 100,000, wengi wao kwa maradhi na si kwa risasi. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kubwa katika maisha ya mtu huyu. Mwaka 1918 aliandika kijitabu kikali, barua ya wazi kwa Jenerali Smuts, akieleza ukatili wa Wadachi juu ya Waafrika na kusema wasirudishiwe nchi hii. Waingereza walikipenda, kwa maana kilimsema adui. Lakini mwaka 1919 serikali ya Kenya iliwaagiza maofisa wake na machifu wawahimize vijana kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, kwa namna iliyokuwa karibu na kulazimisha. Mwaka 1920 Askofu akaandika kijitabu cha pili. Safari hii aliwaambia Waingereza wenyewe kwamba wanawafanya Waafrika kuwa watumwa wa namna nyingine, na kwamba jambo hilo ni dhambi. Wengine pia walipaza sauti, na mwaka 1921 serikali ya London iliamuru maofisa wake wasiwatafutie tena watu binafsi vibarua.

Vijitabu hivyo viwili yafaa vitajwe pamoja. Ni rahisi kuandika au kuchora unyama wa adui; kila taifa hufanya hivyo wakati wa vita. Ni vigumu kumgeukia ndugu yako na kumpima kwa kipimo kile kile. Mwaka huo wa 1920, katika mkutano wa maaskofu Lambeth, yule aliyekuwa mkali wa Kikuyu aliunga mkono mwito wa umoja kwa Wakristo wote. Na mwaka 1923, akiwa mwenyekiti wa mkutano mkubwa wa Waanglikana London, aliwakumbusha kwamba wanaomheshimu Kristo katika Sakramenti yawapasa kutoka na kumtafuta katika maskini na walioonewa.

Mwaka mmoja baadaye akafa kwa jipu lililotia sumu katika damu, akazikwa Magila. Alikuwa na miaka 53.

Mwaka 1927 Dar es Salaam ilisimamishwa sanamu ya askari, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Maandishi yake yanawataja wapagazi pia, lakini anayeonekana ni askari na bunduki yake. Nairobi walimchonga na mpagazi. Kwetu Tanzania ukumbusho wao mkubwa ni jina tu: Kariakoo, ambalo ni kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, katika matamshi yetu. Maelfu hununua na kuuza pale kila siku bila kujua kwamba wanawataja marehemu.

Basi Novemba hii, tunapoandika majina ya wafu wetu ili yasomwe kanisani, kila nyumba iulize kama palikuwa na babu aliyekwenda na mizigo ya vita asirudi. Akipatikana, jina lake liandikwe. Asipojulikana jina, tuwaombee wapagazi wote, pamoja na Askofu wao Frank. Bwana awape raha ya milele.