Luteni Aliyerudi Meja: Maisha ya Yuri Gagarin

Askari aliye zamu ya usiku hapa Rusizi, kando ya Ziwa Kivu, huona setilaiti zikipita kimya kati ya nyota. Mtu wa kwanza kuipita njia hiyo ya juu alikuwa askari mwenzake, Yuri Gagarin wa Umoja wa Kisovieti. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1934, mwana wa seremala, akajifunza kusubu chuma kabla ya urubani.

Tarehe 12 Aprili 1961, Rwanda ikiwa bado chini ya Ubelgiji, aliizunguka dunia katika chombo Vostok 1 kwa dakika 108. Aliondoka luteni, akarudi meja. Wakati wa kurejea, akipita juu ya Afrika, sehemu mbili za chombo zilichelewa kuachana, kikazunguka ovyo kwa dakika kumi hivi. Gagarin hakutaharuki. Alitoa taarifa kuwa hali ni shwari, akangoja. Hatimaye ziliachana, naye akatua kwa mwavuli.

Dunia ilimsifu, lakini hakuridhika na sifa. Alirudi mazoezini, na tarehe 27 Machi 1968 ndege yake ya mazoezi ilianguka, akafa pamoja na Kanali Vladimir Seryogin. Alikuwa na umri wa miaka 34.

Ujasiri wa askari hauzaliwi siku ya hatari. Hulelewa na mazoezi ya kila siku.